KUZURU LONDON UKIWA NA ULEMAVU: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari, na Fundisho Lake kwa Vyama Vyetu



Vyama vyetu hupata barua za kuwaalika wajumbe Ulaya. Wengine huitwa Geneva, kwenye mkutano wa kila mwaka wa Shirika la Kazi Duniani. Wengine huitwa London, mji wenye makao makuu ya Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji na pia makao ya TUC, yaani Baraza la Vyama vya Wafanyakazi la Uingereza. Barua ikifika tawini, wanachama huketi na kumtafuta mtu anayeijua kazi, anayeweza kusema mbele ya watu, na ambaye hanunuliki.

Hapo ndipo hutokea jambo ambalo hatulitazami vya kutosha. Linatajwa jina la mwenzetu aliyekatwa mguu na mashine kiwandani, au aliyeharibiwa macho na dawa ya kunyunyizia shambani, na jina hilo linarukwa upesi. Husemwa: "Huyu tumwonee huruma, safari itamtesa." Maneno ni ya upole, lakini kazi yake ni kumnyang'anya mwanachama haki ya kuchaguliwa. Anayeijua vizuri zaidi habari ya ajali kazini anaachwa nyumbani, na anayekwenda kuisimulia ni mtu ambaye hajawahi kuumia hata ukucha.

Kwa hiyo tumeona vyema tueleze safari ya namna hiyo ilivyo hasa: yanayorahisisha, yanayokwaza, na nani aliyeyarahisisha. Tumeuchagua mji wa London kwa sababu habari zake tunazijua kwa mapana, na kwa sababu historia yake inahusu vyama vya wafanyakazi moja kwa moja.

KABLA YA KUONDOKA

Safari ya mtu mwenye ulemavu huharibika au hutengenea siku nyingi kabla ya ndege kuruka. Mambo manne yafanywe mapema.

Kwanza ni viza. Karibu sote katika nchi zetu tunahitaji viza ya kuingia Uingereza, na mwombaji hutakiwa kufika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Katibu wa tawi na aulize mapema kama ofisi hiyo iko ghorofani na kama ina lifti. Ni heri kulijua hilo wiki mbili kabla kuliko kulijua mlangoni.

Pili ni shirika la ndege. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, ambayo Uingereza iliendelea kuitumia hata baada ya kutoka katika Umoja huo mwaka 2020, inasema abiria mwenye ulemavu asaidiwe uwanjani bila malipo, na vifaa vyake vya kutembelea, hadi viwili, vibebwe bila malipo. Sharti lake ni kutoa taarifa angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Sheria hiyo inalinda safari zote zinazoanzia Uingereza. Kwa safari za kutoka kwetu kwenda huko, inayabana mashirika ya Uingereza na ya Ulaya tu. Kwa hiyo mkinunua tiketi ya shirika jingine, ulizeni masharti yake kwa maandishi na mtunze jibu.

Tatu ni afya. Dawa zibebwe katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari inayozitaja kwa majina. Katika hospitali za serikali za Uingereza, mgeni hupokelewa bure katika chumba cha dharura, lakini akilazwa aweza kudaiwa fedha nyingi. Chama kinachomtuma mjumbe bila bima ya safari kinacheza kamari kwa fedha za wanachama.

Nne ni umeme, kwa anayetumia kiti cha magurudumu chenye betri. Hapa wengi wetu tuna bahati. Plagi ya Uingereza ni ile ile ya meno matatu bapa tuliyoizoea Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi, na nguvu ya umeme inalingana. Chaja yako itaingia ukutani bila kubadilishwa. Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo achukue kiunganishi, kwa kuwa plagi za kwao ni za namna nyingine.

NDANI YA NDEGE

Asiyeweza kutembea hawezi kuingia ndegeni na kiti chake. Njia ya kati ni nyembamba mno. Huhamishiwa kwenye kiti kidogo chembamba cha uwanjani, akasukumwa mpaka mahali pake, na kiti chake mwenyewe kikapelekwa chini kwenye mizigo. Hapo ndipo hofu ilipo, kwa sababu viti huvunjika. Mtu aliyevunjiwa kiti chake amevunjiwa miguu, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaweka kikomo cha fidia ya mizigo. Fidia hiyo yaweza kuwa ndogo kuliko bei ya kiti chenye betri.

Kinga ni hizi. Piga picha ya kiti kabla ya kukikabidhi. Kifungie karatasi inayoeleza namna ya kukikunja na sehemu zisizoshikwa. Mto wa kukalia na kila kinachong'oka, ingia navyo ndani. Ukipokea kiti kimeharibika, andikisha malalamiko hapo hapo kabla hujatoka uwanjani. Mtu aliyezoea kuandikisha ajali kazini ataelewa mara moja: lisiloandikwa siku ile, kesho hukanwa.

Kuna pia ulemavu usioonekana kwa macho: kifafa, usikivu hafifu, akili inayovurugika penye kelele nyingi. Mwaka 2016 uwanja wa Gatwick, kusini mwa London, ulianzisha utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, unaovaliwa shingoni. Anayeuvaa anawaambia watumishi bila maneno kwamba huenda akahitaji muda zaidi au maelezo ya taratibu. Utaratibu huo umeenea katika viwanja vingi.

MABASI, RELI NA TEKSI

Mjini penyewe, rafiki wa kwanza wa mgeni mwenye ulemavu ni basi. Mabasi ya mjini London, ambayo ni zaidi ya 8,000, yana sakafu ya chini isiyo na ngazi mlangoni. Dereva akibonyeza kitufe, ubao hutoka chini ya mlango wa kati na kugusa njia ya waendao kwa miguu, na kiti cha magurudumu hupanda juu yake. Ndani kuna nafasi iliyotengwa kwa ajili ya kiti hicho. Mwenye kiti cha magurudumu halipi nauli katika mabasi hayo, awe mwenyeji au mgeni. Kila basi lina kipaza sauti kinachotaja kituo kinachofuata, na ubao wa maandishi unaoonyesha jina hilo hilo. Asiyeona husikia, asiyesikia husoma.

Ugomvi hutokea kwa sababu ya magari ya kusukumia watoto, maana akina mama nao huitumia nafasi ile. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba dereva asiishie kumwomba mwenye kigari ahame. Akiona anakataa bila sababu ya maana, afanye zaidi, hata kusimamisha basi kwa muda ili kumshurutisha. Mjumbe ajue haki hiyo, lakini pia ajue kwamba si kila dereva huitimiza.

Reli ya chini ya ardhi ni habari nyingine. Ilifunguliwa mwaka 1863, ikiwa ya kwanza duniani, na waliochimba hawakumfikiria mtu asiyeweza kushuka ngazi. Kati ya stesheni zake 272, ni kama theluthi moja tu zinazofikika bila kukanyaga ngazi. Ramani ina alama za kiti cha magurudumu, na alama hizo ni za namna mbili. Yenye duara la buluu maana yake waweza kutoka barabarani hadi ndani ya behewa bila ngazi wala pengo kubwa. Yenye duara jeupe maana yake utafika jukwaani tu, na kati ya jukwaa na behewa kuna kipandio au mwanya. Hapo huhitajika mtumishi alete ubao. Anayechanganya alama hizi mbili hujikuta amekwama chini ya ardhi akitazama treni zikimpita.

Njia mpya ni bora. Reli nyepesi ya mashariki, eneo la bandari za zamani, ilifunguliwa mwaka 1987, na stesheni zake zote hufikika bila ngazi. Njia ya Elizabeth ilifunguliwa mwaka 2022, na stesheni zake zote 41 hufikika hivyo hivyo. Tutaeleza punde kwamba hata hilo halikutokea hivi hivi.

Teksi nyeusi za London zote lazima ziweze kumpakia mtu akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu. Sharti hilo limekuwapo tangu mwaka 2000. Tangu 2017 sheria inamkataza dereva wa teksi za namna hiyo kumtoza mwenye kiti zaidi ya abiria wengine, na inamtaka amsaidie kupanda. Hata hivyo nauli ya teksi ni kali. Kwa posho ya mjumbe wa chama, teksi ni ya siku ya shida.

KUTEMBEA MJINI

Sehemu kubwa ya katikati ya London ni tambarare. Ukingo wa kusini wa mto Thames, kuanzia daraja la Westminster kuelekea mashariki hadi daraja la Tower, waweza kuusukumia kiti mwendo mrefu pasipo kilima cha kukutoa jasho. Jumba la Makumbusho la Uingereza, liitwalo British Museum, halina kiingilio, na kando ya ngazi zake kubwa za mbele kuna lifti. Makao ya TUC, yaliyofunguliwa mwaka 1958, yako katika barabara hiyo hiyo, hatua chache tu kutoka hapo. Mjumbe aweza kutoka mkutanini akaenda kutazama vitu vilivyochukuliwa kutoka Afrika, kisha akajiuliza maswali yake.

Vyoo ni jambo ambalo waandishi wa vitabu vya utalii huliona aibu kulitaja, lakini kwa msafiri mwenye ulemavu ndilo la kwanza. Tangu mwaka 1981 Uingereza ina utaratibu wa ufunguo mmoja unaofungua maelfu ya vyoo vipana vilivyotengwa kwa walemavu nchi nzima. Ufunguo huo hununuliwa kwa bei ndogo. Wenyeji waliowaalika waombwe mapema wautafute.

Kwa asiyeona, barabara yenyewe husema. Penye kivuko, njia ya miguu imewekwa vigae vyenye vinundu ambavyo mguu na fimbo huvitambua. Vigae hivyo vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake, na viliwekwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967. Tena kuna siri ambayo hata wenyeji wengi hawaijui. Katika vivuko vingi vya taa, chini ya kile kisanduku chenye kitufe, kuna kipini kidogo chenye umbo la pia. Taa ya kuvuka ikiwaka, kipini huanza kuzunguka. Asiyeona, na hata asiyeona wala kusikia, hukishika kwa vidole na kujua kwamba sasa ni wakati wa kuvuka. Jambo moja la kuangaliwa: huko magari hupita kushoto. Kwa atokaye Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia au Malawi hakuna jipya, lakini kwa ndugu wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako hupita kulia, sikio lililozoea sauti za upande mmoja hudanganya.

Kwa kiziwi, ajue kwamba lugha ya alama ya Waingereza si yetu. Alfabeti yao hutumia mikono miwili, wakati zetu nyingi hutumia mmoja. Hapa, ndugu wasomaji, tusidhani kila jema hutoka Ulaya. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliipa serikali wajibu wa kukuza lugha ya alama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Uingereza ilipitisha sheria ya kuitambua lugha yake ya alama mwaka 2022. Uganda pia, tangu mwaka 1996, ina viti vya Bunge vilivyotengwa kwa wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Bunge la London halina viti hivyo.

Jambo la mwisho ni baridi. Kati ya Novemba na Februari jua huzama mapema, mwezi Desemba kabla ya saa kumi jioni, na mwenye macho hafifu apange mikutano yake mchana. Mvua huteleza magongo. Mipira ya ncha zake iwe mipya, na jozi ya akiba iwemo sandukuni. Chuma cha kiti huganda mikononi, hivyo glovu si anasa.

MJI HAUKUJENGWA HIVYO

Msafiri akiona ubao ukitoka chini ya basi aweza kusema: "Wazungu wana huruma." Hilo ni kosa, na ni kosa la hatari kwa mfanyakazi, maana linamfundisha kungoja kuhurumiwa. Ubao ule ulidaiwa, na kuna watu waliokamatwa kwa ajili yake.

Habari inaanza mbali. Mwaka 1899 wafanyakazi wasioona wa Uingereza waliunda chama chao. Wengi wao walikuwa wakitengeneza vikapu na brashi katika karakana zilizoendeshwa na mashirika ya sadaka, kwa ujira mdogo. Mwenye karakana alijiita mfadhili, basi akidaiwa nyongeza hushangaa: mbona nawasaidia, nanyi mnadai? Chama hicho kilijiunga na TUC mwaka 1902. Mwaka 1920, makundi matatu ya wanachama wasioona yalitoka katika miji ya Leeds, Manchester na Newport, yakatembea kwa miguu hadi London. Neno waliloliandika kwenye mabango yao lilikuwa moja: haki, si sadaka. Mwezi Aprili walifika uwanja wa Trafalgar wakapokelewa na umati, kisha Waziri Mkuu, Lloyd George, akakutana na wajumbe wao. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Wasioona. Umri wa kupata pensheni kwa asiyeona ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 50, na serikali za miji zikapewa wajibu wa kuwahudumia. Hawakupata yote waliyoyataka, lakini walionyesha njia.

Mjumbe anayepita Trafalgar leo na asimame kidogo. Juu ya nguzo ndefu ya uwanja huo imesimama sanamu ya Nelson, jemadari wa majini wa Waingereza, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja na kukatwa mkono mmoja vitani. Mtu huyo waliyempandisha juu kabisa ya mji wao alikuwa mlemavu, ila hakuna anayemwita hivyo, kwa kuwa alikuwa mkubwa.

Hatua ya pili ina mkono wa Afrika. Mwaka 1968 alifika Uingereza mkimbizi kutoka Afrika Kusini aitwaye Vic Finkelstein. Alivunjika shingo akiwa kijana michezoni na alitumia kiti cha magurudumu, na alikuwa amefungwa kwa kupinga siasa ya ubaguzi wa rangi. Yeye pamoja na Paul Hunt, Mwingereza mwenye ulemavu, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa walemavu ulioundwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1976 umoja huo ulitoa maelezo ambayo yaligeuza fikra za watu wengi. Walisema hivi, kwa muhtasari: mguu uliokatika ni jambo moja, na kuzuiwa ni jambo jingine. Mguu haukukatazi kuingia katika ukumbi. Kinachokukataza ni ngazi, na ngazi ziliwekwa na watu. Mwafrika wa Johannesburg aliyezuiwa na sheria asiingie katika jengo, na mwenye kiti aliyezuiwa na ngazi asiingie katika jengo hilo hilo, wote wako nje. Sheria hufutwa, na ngazi zaweza kuwekewa mteremko.

Hatua ya tatu ni ya barabarani. Mwaka 1990 walemavu walifunga njia katika barabara ya Oxford, katikati ya London, wakidai usafiri wanaoweza kuutumia. Miaka iliyofuata walijifunga kwa pingu kwenye mabasi ambayo hawakuweza kuyapanda. Polisi walipokuja kuwakamata walijikuta wana shida ya ajabu: magari yao nayo hayakuwa na namna ya kupakia viti vya magurudumu. Mji mzima ukaona kwa macho jambo lililokuwa likielezwa kwa maneno miaka mingi. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi dhidi ya walemavu, kisha zikafuata kanuni za mabasi. Mwezi Desemba 2005 yale mabasi mekundu ya zamani yenye mlango wa nyuma na kipandio yaliondolewa katika njia za kawaida.

Na ile Njia ya Elizabeth? Katika mpango wa awali, stesheni 7 ziliachwa bila lifti kwa kisingizio cha gharama. Walemavu wakaandamana na kuandika barua, na mwaka 2014 serikali na wakuu wa usafiri wakakubali kutoa fedha. Leo wanaozitumia lifti zile ni wengi kuliko waliozidai: wazee, wajawazito, wenye masanduku, na mfanyakazi aliyechoka baada ya zamu ya usiku.

LILILOBAKI

Tusipambe. Theluthi mbili za stesheni za chini ya ardhi bado zina ngazi. Lifti huharibika, na mara nyingine hufungwa kwa sababu tu hakuna mtumishi wa kuziangalia. Hapa maslahi ya mlemavu na ya mfanyakazi wa reli hukutana, kwani ubao haujiweki wenyewe mlangoni mwa treni. Mtumishi akipunguzwa, abiria mwenye kiti amefungiwa nje.

Mwaka 2023 makampuni ya reli yalitangaza mpango wa kufunga karibu ofisi zote za tiketi katika stesheni za England, kwa hoja kwamba watu hununua tiketi kwa simu. Vyama vya wafanyakazi wa reli vilipinga kwa sababu ya ajira. Walemavu walipinga kwa sababu dirisha la tiketi ndipo penye binadamu wa kuomba msaada. Kila upande ungeweza kupigana peke yake na kushindwa. Walipigana pamoja. Maoni yaliyotumwa na wananchi yalifika 750,000, na mwezi Oktoba mwaka huo serikali ikautupilia mbali mpango ule.

SISI JE?

Nchi zetu zimekwisha kuweka sahihi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, uliridhiwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, sawa na Uingereza yenyewe, Burundi mwaka 2014 na Kongo mwaka 2015. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 159 juu ya mafunzo na ajira za wenye ulemavu. Karatasi zipo. Kilichowapa wenzetu wa London mabasi yanayopandika ni watu walioshikilia karatasi hadi zikawa chuma na mbao.

Tunapendekeza kila tawi liyaweke mambo haya matatu katika ajenda ya mkutano ujao.

La kwanza: mwanachama asiondolewe katika orodha ya wajumbe kwa sababu ya ulemavu wake mpaka yeye mwenyewe ameulizwa. Anayejua kama safari itamchosha ni yeye. Akihitaji msindikizaji, gharama ya msindikizaji ni sehemu ya gharama ya mjumbe, kama ilivyo tiketi yake, na ielezwe hivyo kwa wanaoalika.

La pili: ukumbi wa mkutano wa tawi utazamwe. Kama uko juu ya ngazi, mkutano ushuke chini. Ubao wa mbao wa kuwekea mteremko hutengenezwa na fundi seremala kwa siku moja. Haifai kumdai mwajiri asichokitimiza chama chenyewe.

La tatu: katika majadiliano na mwajiri, mwenzetu aliyeumia kazini asiishie kwenye fidia. Idaiwe arudishwe kazini katika kazi anayoiweza, na njia ya kuifikia kazi hiyo itengenezwe: gari la kubebea wafanyakazi wa shamba, lango la kiwanda, choo, na mahali pa kulia. Msimamizi atasema hakuna fedha. Jibu ni kwamba mikono na miguu ile ilitumika kumtajirisha kiwandani mwake, na humo ndimo ilimokatikia.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wachache. Kila anayeingia zamu asubuhi hana hakika atatoka jioni na vidole kumi. Na akiepuka mashine, uzee hauepukiki. Njia tunayomtengenezea mwenzetu leo ndiyo tutakayoipita sisi wenyewe.

Matawi yaliyokwisha kumtuma mjumbe mwenye ulemavu nje ya nchi yanaombwa yatuandikie, yaeleze yaliyomsaidia na yaliyomkwaza, ili tuyachapishe na wengine wafaidike. Haki, si sadaka.